Matendegu Manne: Historia ya Kundi la Blackwood Brothers

Katika kaunti ya Choctaw, jimboni Mississippi, upande wa kusini wa Marekani, ambako zama hizo pamba ndiyo iliyokuwa riziki ya watu na ndiyo iliyokuwa deni lao, paliishi mtu mmoja jina lake Emmett Blackwood pamoja na mkewe Carrie, wakilima ardhi isiyokuwa yao kwa sharti la kugawana mavuno na mwenye shamba; na kama ilivyo ada ya ukulima wa namna hiyo, fungu la mwenye shamba lilikuwa hakika hata mwaka wa ukame, ilhali fungu la mkulima lilikuwa na shaka hata mwaka wa neema. Walichowaachia watoto wao ni dini, na pamoja na dini, sauti.

Mwana wao wa kwanza, Roy, alizaliwa mwaka 1900. Doyle akazaliwa mwaka 1911, na kitinda mimba wao, James, ambaye ndiye hasa tunayemkusudia katika makala haya, akazaliwa tarehe 4 Agosti 1919, wakati kaka yake mkubwa amekwisha kuwa mtu mzima. Miaka 2 baadaye Roy naye akapata mtoto wa kiume, wakamwita R.W.; basi James akajikuta ni ami wa mtoto ambaye kwa umri alistahili kuwa mwenzake wa mchezo, na wawili hao wakalelewa kama watoto wa mama mmoja. Ndiyo sababu kundi walilolianzisha mwaka 1934, Roy, Doyle, James na R.W., likaitwa Blackwood Brothers, yaani ndugu wa Blackwood, ijapokuwa mmoja wao alikuwa mwana wa ndugu. Msomaji wa Kiswahili hataona ajabu katika hesabu hiyo, kwa kuwa kwetu pia ami ni baba na mtoto wa ami ni ndugu, wala hakuna anayeuliza zaidi ya hapo.

Mwaka 1934 ulikuwa mwaka wa dhiki kuu. Bei ya pamba ilikuwa imeanguka, mabenki mengi yalikuwa yamefungwa, na Roy, ambaye alikuwa mhubiri, aliishi kwa sadaka za watu ambao wenyewe walikuwa hawana. James alikuwa kijana wa miaka 15. Lau mtu angewaambia siku ile kwamba jina lao litadumu zaidi ya miaka 90, na kwamba waimbaji wa miji mikubwa watakuja kulitaja kwa taadhima, nadhani wangemwona ni mtu wa kuwahurumia.

Hata hivyo hawakuzuka hivi hivi, na ili usuli wao ufahamike yapasa kwanza kuzieleza shule za uimbaji za watu wa kusini. Kila mwaka, wakati mimea imekwisha paliliwa kwa mara ya mwisho na kazi ya kuvuna haijaingia, mwalimu wa kuzunguka alifika kijijini, akapewa kanisa au jengo la shule, na kwa muda wa siku 10 au wiki 2 akawafundisha wakubwa kwa wadogo kusoma muziki. Noti alizofundisha hazikuwa na sura moja kama zile za Ulaya, bali kila sauti ya ngazi ilikuwa na umbo lake: do ilichorwa pembetatu, re kama bakuli, mi kama almasi, fa pembetatu iliyokatwa ubavu mmoja, so duara, la mraba, na ti kama pia wanayochezea watoto. Mtu aliyeyahifadhi maumbo hayo saba aliweza kuushika wimbo asiopata kuusikia maishani mwake, akauimba kwa sauti yake pasipo kupotea. Wale waliokulia katika kwaya za makanisa ya Afrika Mashariki, wakafundishwa nyimbo kwa herufi za d, r, m, f, s, l, t zilizopangwa juu ya maneno, wataitambua hekima hiyo mara moja; ni elimu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu ambao hawana kinanda nyumbani lakini wana masikio.

Elimu ile ilikuwa pia biashara, wala si vyema kulificha jambo hilo. Mtu aitwaye James D. Vaughan, wa mji wa Lawrenceburg katika Tennessee, alichapisha vitabu vya nyimbo za maumbo, na mwaka 1910 akawatuma njiani wanaume wanne walipwao mshahara ili waziimbe nyimbo hizo mbele ya watu, na watu wakishapendezwa wavinunue vitabu. Kutoka kwake walitoka wengine, na mkubwa wao alikuwa V.O. Stamps, ambaye kampuni yake ya Stamps-Baxter huko Dallas, Texas, ilieneza waimbaji wanne wanne katika stesheni za redio za kusini yote. Basi kwateti, kama tunavyoweza kuiita, ilizaliwa ikiwa na mguu mmoja kanisani na mguu mmoja sokoni, na katika umri wake wote haijapata kuutoa mguu wowote kati ya hiyo miwili. Wako waliolaumu. Kwa maoni yangu lawama hizo zilitoka zaidi kwa watu walioshiba, kwani mwimbaji aliyewaacha watoto bila unga nyumbani hawezi kuwaimbia wenziwe habari za mbinguni kwa moyo mtulivu.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kwateti ina sauti nne za kiume na kinanda. Kiongozi huchukua wimbo wenyewe, yaani ile sauti ambayo msikilizaji akirudi nyumbani ndiyo atakayoivumisha. Tenori hukaa juu yake. Baritoni hukaa chini ya kiongozi, akijaza nafasi ambayo hakuna anayeiona mpaka ikosekane. Na besi hukaa chini kabisa, mahali ambapo sauti huanza kusikika kwa kifua kabla ya sikio. Mfano wake ni kitanda cha pwani, ambacho hakisimami kwa uzuri wa nakshi bali kwa matendegu manne yaliyo sawa, na tendegu moja likirefuka kupita mengine ni ila sawasawa na lile lililovunjika. Katika siku za mwanzo waimbaji hao wanne walikusanyika mbele ya kipaza sauti kimoja. Hapakuwa na fundi wa kuwasawazishia sauti zao kwa mitambo. Mwenye zamu alisogea mbele, mwenye kumpisha akarudi nyuma, na wimbo mmoja ukawa na hatua nyingi ndogo ndogo kama za watu wanaopishana ukumbini penye mlango mwembamba. James alikuwa kiongozi. Sauti yake ilikuwa safi na nyepesi, yenye kupanda bila kukaza shingo, na sifa aliyopewa zaidi na waliomjua si ukubwa wa sauti hiyo bali adabu yake, kwamba alijua lini aipunguze.

Miaka yao ya kwanza ilikuwa miaka ya kuhamahama kufuata redio. Walianza katika mji mdogo wa Kosciusko, Mississippi, wakahamia Jackson, mji mkuu wa jimbo, kisha mwaka 1939 wakaenda Shreveport, Louisiana, na ndipo V.O. Stamps alipowachukua chini ya kampuni yake, akawapa gari na mpiga kinanda. Mwaka 1940 walikwenda kaskazini, mbali sana na kwao, mpaka Shenandoah katika jimbo la Iowa, kwenye stesheni ya KMA iliyokuwa mali ya Earl May, mfanyabiashara wa mbegu. Mkulima wa Iowa aliyefungua redio asubuhi ili asikie bei ya nafaka na habari za mbegu aliwasikia pia vijana hawa wa Mississippi wakiimba kwa lafudhi isiyo ya kwake, akawapenda. Na wao wakajifunza huko jambo ambalo wenzao waliobaki kusini walichelewa kulijua, nalo ni kwamba wimbo wao haukuhitaji msikilizaji awe jirani ndipo uingie moyoni.

Vita vya pili vya dunia viliwatawanya. Walikwenda San Diego, California, wakafanya kazi katika viwanda vya ndege, na wasaa walioupata wakautumia kuimba, naye R.W. akaitwa jeshini. Vita vilipokwisha walirejea Iowa, wakaanza kuchapa vitabu vyao na kutoa santuri kwa jina lao wenyewe, na mahitaji ya watu yakazidi hata ikawabidi kujigawa kuwa makundi mawili. Karibu na wakati huo Roy na Doyle, ambao umri na safari zilikuwa zimewachosha, waliwaachia vijana njia.

Mwaka 1950 walihamia Memphis, Tennessee, na hapo ndipo historia yao inapokuwa historia ya mji mzima. Mchana waliimba katika redio ya WMPS. Usiku, mara kwa mara, walikusanya makundi mbalimbali katika jumba la Ellis Auditorium kwa yale maonyesho yaliyoitwa ya usiku kucha, ambapo familia zilikuja na watoto na chakula, zikakaa mpaka saa ambazo kwa desturi watu wa dini huwa wamelala. Kampuni ya RCA Victor, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa katika kazi ya santuri, ikawapa mkataba. Safu yao katika miaka hiyo ilikuwa Bill Shaw kwenye tenori, James kwenye uongozi, R.W. kwenye baritoni na Bill Lyles kwenye besi, pamoja na Jackie Marshall kwenye kinanda. Na wako wajuzi wa muziki huu mpaka leo wasemao kwamba kundi hilo halijapata kusimama sawasawa zaidi ya vile. Kwa kuwa mialiko ilitoka majimbo yaliyo mbali, walinunua ndege, wakawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa injili kufanya hivyo, na R.W. akajifunza kuirusha mwenyewe.

Kabla sijaendelea, nawajibika kusema neno ambalo historia za kusherehekea taasisi aghalabu huliruka. Memphis ya miaka hiyo ilikuwa mji uliogawanywa kwa sheria baina ya weupe na weusi, katika shule, katika mabasi, na katika kumbi hizo hizo za kuimbia. Katika mji huo huo, katika kanisa la East Trigg Baptist, mchungaji mweusi W. Herbert Brewster alikuwa akitunga nyimbo zilizokuja kuimbwa na Mahalia Jackson na kuuzwa kwa wingi usio na kifani. Na makundi ya wanaume weusi wanne, kama Golden Gate Quartet wa Virginia na Fairfield Four wa Nashville, yalikuwa yamekwisha kuifikisha sanaa hii ya sauti nne kwenye kilele chake. Blackwood Brothers waliwasikia. Walijifunza kwao mwendo wa besi inayodunda mfano wa ngoma, na namna ya kuurudiarudia mkarara huku kila mara ukipandishwa joto, na walirekodi nyimbo zilizotoka katika hazina ile. Muziki uitwao injili ya kusini kwa maana ya weupe, na muziki wa makanisa ya weusi, ni mito miwili iliyochanganya maji yake mara nyingi, lakini ukingo mmoja ulilipwa na kupigiwa makofi kwenye majumba makubwa, na ukingo wa pili ulikalishwa nyuma au juu roshani. Naandika haya kwa kuwa nalipenda kundi hili, na sitaki kulipenda kwa kufumba jicho moja.

Miongoni mwa waliokuja Ellis Auditorium alikuwapo kijana maskini mweupe, mwana wa pekee wa wazazi wake, ambaye familia yake ilihudhuria kanisa la First Assembly of God, kanisa hilo hilo la kina Blackwood. Jina lake ni Elvis Presley. Hapo kanisani Cecil, ndugu yake R.W. aliye mdogo kuliko yeye, alikuwa na kundi la vijana lililoitwa Songfellows, na inasimuliwa kwamba Elvis aliomba nafasi humo, akajaribiwa, akakataliwa. Sababu iliyotolewa inafaa kuzingatiwa. Hawakusema kwamba sauti yake ni mbaya. Walisema kwamba haisikii sauti ya mwenziwe. Kila alipopewa sehemu ya kushikilia, baada ya muda mfupi alijikuta ameirukia njia ya wimbo wenyewe na kwenda na kiongozi. Mtu aliyekuja kuiimbia dunia nzima hakufaa kuwa tendegu la nne.

Mwezi wa Juni 1954 kundi lilialikwa New York, kwenye kipindi cha Arthur Godfrey cha kuvumbua vipaji, kilichorushwa na CBS kwa redio na televisheni, ambapo mshindi alipatikana kwa mtambo wa kupima nguvu ya makofi ya watazamaji. Wakaimba wimbo uitwao "Have You Talked to the Man Upstairs?", makofi yakaupandisha mshale wa mtambo, wakashinda. Vijana wa mashamba ya pamba wakajulikana nchi nzima kwa usiku mmoja.

Furaha hiyo haikutimiza mwezi. Tarehe 30 Juni walikuwa Clanton, Alabama, kwenye sikukuu ya mavuno ya pichi, tunda ambalo wazee wa pwani hulijua kwa jina la fyulisi. Walikuwa pamoja na kundi la Statesmen kutoka Atlanta, ambao Hovie Lister alikuwa mkuu wao na Jake Hess kiongozi wa sauti. Makundi hayo mawili yalikuwa yameshirikiana kwa mapatano, na ushindani wao jukwaani haukuzuia usuhuba wao nje ya jukwaa. Onyesho la usiku lilikusudiwa kufanyika katika banda la ndege kando ya kiwanja. Kiwanja kilikuwa kifupi, na R.W. akiwa na wasiwasi wa kuondoka gizani, akaona ni busara airushe ndege kwanza kungali na mwanga ili apime. Bill Lyles akakaa pembeni yake, na kijana mmoja wa hapo akapanda nao. Watu wakatoka nje kutazama. Ndege ikazunguka, ikarudi kutua, ikagusa ardhi na kuruka tena, ikainua pua kwenda juu kwa ukali kuliko ilivyofaa, ikasita, ikaanguka, ikawaka moto. James akakimbia kuuelekea moto ule. Jake Hess, aliyekuwa karibu, akamfuata, akamkamata kwa mikono miwili, akamzuia kwa nguvu, na hakumwachia.

R.W. alikuwa na umri wa miaka 32. Katika kwateti, mauti ya wawili kwa mara moja ni mauti ya nusu ya sauti, tena nusu ya chini, ile inayobeba. Waliobaki walikuwa tenori na kiongozi, kama paa lililosalia hewani baada ya kuta kuondolewa. Mazishi yalifanywa Memphis siku za mwanzo za Julai, katika jumba lile lile la Ellis Auditorium walilokuwa wakiimbia, na maelfu ya watu wakahudhuria. James alisema kwamba hataimba tena. Sidhani kwamba yuko mtu ambaye angemlaumu.

Kilichomrudisha hakielezeki kwa sababu moja. Marafiki walimsihi, barua za wasikilizaji ziliwasili kwa wingi, na wajane na watoto wa marehemu walikuwapo, na riziki yao ilikuwa imefungwa na jina la kundi. Lakini nadhani jambo kubwa lilikuwa lile la nasaba. Kundi hili lilikuwa la ukoo kabla ya kuwa la biashara, na katika ukoo nafasi ya marehemu haifutwi bali hurithiwa. Cecil, ambaye hakuwa amefikisha hata miaka 20, aliletwa kuketi kwenye kiti cha kaka yake. Kwenye besi walimwita J.D. Sumner, mtu mrefu mwembamba wa Florida aliyekuwa akiimba na Sunshine Boys, mwenye sauti ambayo kitabu cha Guinness kilikuja kuitaja kwa miaka mingi kuwa ya chini kuliko zote. Kabla ya mwaka huo kumalizika walikuwa wamekwisha kurudi majukwaani. Na kwa kuwa Cecil alipoondoka Songfellows aliacha pengo, inasimuliwa kwamba vijana wale walimwendea tena Elvis Presley ili sasa ajiunge nao; lakini tarehe 5 Julai, siku 5 tu baada ya msiba wa Clanton, Elvis alikuwa amekwisha kurekodi santuri yake ya kwanza ya biashara katika studio ya Sun, na hakuweza tena kujifunga na wengine.

Sumner hakuleta sauti peke yake. Alikuwa mtu wa fikra nyingi na papara kidogo, na James alikuwa mtu wa subira, nao wakafaana kama tanga na usukani. Kundi lilipoacha ndege, ni Sumner aliyependekeza wanunue basi kubwa la abiria, wang'oe viti vyake, waweke vitanda na nafasi ya kuning'iniza suti, ili waimbe mji mmoja usiku na waamkie mji mwingine. Nalo ndilo basi ambalo watu wa kazi hiyo hulihesabu kuwa la kwanza la namna yake, hata leo mwanamuziki wa Nashville ambaye hajawahi kuimba wimbo mmoja wa dini hulala njiani kwa hisani ya wazo lile. Mwaka 1957, tena kwa ushawishi wa Sumner, waliita mkutano wa makundi yote ya sauti nne katika Ellis Auditorium. Mkutano huo, National Quartet Convention, umehamahama tangu hapo, Nashville, Louisville, na mwishowe Pigeon Forge katika milima ya Tennessee, wala haujafa.

Yaliyofuata katika biashara nitayapitia upesi. Pamoja na Statesmen walimiliki kampuni ya santuri ya Skylite, ili makundi madogo yasiyoitwa na kampuni kubwa yapate mahali. Mwaka 1964 James alikuwa miongoni mwa waasisi wa Gospel Music Association, chama kilichokuja kutoa tuzo za Dove, na tuzo hizo zilipoanza mwaka 1969, James ndiye aliyechaguliwa mwimbaji bora wa kiume, kisha akachaguliwa tena mara kadhaa. Kundi likapata pia tuzo za Grammy, za kwanza wakiwa na mwimbaji wa nyimbo za mashambani Porter Wagoner. Watu walimwita James kwa lakabu ya Bwana Muziki wa Injili, naye alikuwa akiipokea kwa kuinamisha kichwa, akalitaja jina la kundi.

Ni katika misiba ya watu wengine ndipo naiona vizuri zaidi thamani ya kundi hili. Tarehe 14 Agosti 1958 Gladys Presley, mamake Elvis, alifariki Memphis. Aliwapenda Blackwood Brothers kuliko waimbaji wote, na mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa mtu mashuhuri kupita kiasi na askari wa jeshi la Marekani, aliagiza waletwe kwa ndege kutoka South Carolina walikokuwa na onyesho. Inasimuliwa kwamba walikusudia kuimba nyimbo chache, lakini kila walipomaliza Elvis aliwapelekea ujumbe akiomba mwingine, na mwingine tena, mpaka wakapita hesabu waliyoizoea mazishini. Nawawazia Cecil na Sumner, waliokaa katika viti vya watu waliokufa kwa ndege, wakishuka ndegeni ili wamwimbie maiti wa mwingine.

Miaka 19 baadaye, Agosti 1977, ikawa zamu ya Elvis mwenyewe. Sumner, ambaye tangu mwaka 1965 alikuwa ameondoka Blackwood Brothers kwenda kuongoza Stamps Quartet, na ambaye pamoja na kundi hilo alimwitikia Elvis majukwaani tangu mwaka 1971, aliimba siku hiyo. Jake Hess aliimba. Na James Blackwood akasimama, akaimba "How Great Thou Art", wimbo ambao Wakristo wa Afrika Mashariki wameuimba kwa Kiswahili katika makanisa ya mjini na ya vijijini, katika harusi na katika matanga, hata wengi wao hudhani ulitungwa kwao. Maneno yake ya Kiingereza yaliletwa na mmisionari Mwingereza, Stuart Hine, kwa kuufuata wimbo wenye asili ya Sweden.

James alikaa na kundi takriban miaka 45, kisha akalikabidhi kwa Cecil, naye Cecil akaliongoza hadi alipofariki Novemba 2000. Roy alikuwa ametangulia mwaka 1971 na Doyle mwaka 1974. Sumner alifariki Novemba 1998, katikati ya safari ya kuimba. James mwenyewe alifariki Memphis tarehe 3 Februari 2002, na umri wake ulikuwa miaka 82. Baadaye jina likapita kwa mwanawe Billy, ambaye alianza kazi ya muziki kwa kupiga ngoma nyuma ya waimbaji, na chini yake kundi likaendelea kuzunguka makanisa na kumbi, wakiwa wanaume wanne kama walivyokuwa mwaka 1934.

Lakini kipo kipindi kimoja nilichokiruka kwa makusudi ili nikimalizie hapa. Mwaka 1981 James, Sumner, Hovie Lister, Jake Hess na Rosie Rozell, wazee wa makundi mbalimbali ambao kila mmoja angeweza kukaa nyumbani na kuhesabu tuzo zake, walijikusanya upya kwa jina la Masters V, wakarudi kwenye basi na kwenye vitanda vya njiani, wakatoa albamu iliyowapatia Grammy. Afya zao zilikuwa zimepungua na baadhi ya noti za juu zilikuwa zimekwenda zao. Kulikuwa na shida nyingine pia, kwani kwateti haiwezi kuwa na viongozi wawili, na James Blackwood na Jake Hess walikuwa viongozi tangu ujana wao. Ikawalazimu kupishana, ubeti huu kwa huyu na ubeti ule kwa yule, na katika ubeti usio wake kila mmoja alishuka akakaa chini ya sauti ya mwenziwe. Hivyo ndivyo walivyosimama, miaka 27 baada ya Clanton, yule aliyetaka kuingia motoni na yule aliyemshika.